Jani la Sale Lililoletwa kwa Maandishi

Cherehani yangu ilikaa barazani, Majengo, na ukuta wa kushoto kwangu ulikuwa wa ukumbi wa intaneti. Zamani chumba kile kiliuza dawa za kunyunyizia mibuni. Bei ya kahawa ilipoporomoka watu wa mlimani wakaacha kunyunyizia, wengine wakang'oa mibuni wakapanda nyanya, na mwenye duka akafunga. Harufu ya dawa ilibaki ukutani hata baada ya kompyuta kuletwa. Siku ya jua kali ilitoka tena, na wateja wakikohoa mwenye ukumbi aliwaambia, "Kohoeni tu, humu hamna wadudu."

Mwenye ukumbi alikuwa mama wa Kipare, rika langu, mnene na mwepesi wa kucheka. Mimi ni Mchaga wa Rombo. Tulitaniana tangu siku aliyokuja kupima chumba.

"Mchaga, leo umeshaisujudia hela yako?"

"Mpare, ile kesi ya kuku imefika wapi? Ng'ombe wa kumlipia wakili bado wapo?"

Nimesoma mpaka darasa la saba. Kazi yangu miaka hiyo ilikuwa zaidi kurekebisha mitumba kuliko kushona nguo mpya: kupunguza suruali za Wazungu wanene ziwaenee vijana wembamba wa Moshi. Naeleza nilipokaa kwa sababu jambo lote limenikaa moyoni kwa ajili ya mahali hapo. Nilikaa mlangoni. Hakuna mtu aliyeingia kwenye ukumbi ule nisivione viatu vyake. Na humo humo ndani mtu alimfikia mtoto wangu bila kunipita.

Mtoto alikuwa wa mdogo wangu. Mdogo wangu alikufa mwaka ambao msichana huyo anaanza kidato cha kwanza, akazikwa mgombani kwa mama yetu, Rombo, juu ya mji wa Mkuu, na mmea wa sale ukapandwa kichwani na miguuni. Alikufa kwa Ukimwi. Naliandika neno lenyewe kwa sababu kipindi hicho hakuna aliyelisema. Msibani ilisomwa kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, na watu wakaitikia kwa vichwa kama waliosikia habari kamili. Mama yetu akiulizwa alisema kifua. Mimi nikiulizwa niliangalia chini, na muulizaji aliona haya akaacha.

Binti hakulia. Alisimama kaburini ameshika sweta la mama yake, na ulipotupwa udongo wa mwisho alilikunja vizuri, mikono ndani, kama la dukani. Nikamchukua tukaja kukaa wote kwenye chumba changu cha kupanga. Alikuwa hajatimiza miaka kumi na minne. Asubuhi alikwenda shule, mchana alikuja barazani, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akiangalia sindano ikipanda na kushuka. Ukimsemesha alijibu. Usipomsemesha hakusema. Mimi nami si msemaji, na msiba ulinipunguza zaidi. Siku nyingine tulirudi nyumbani jioni na hakuna kati yetu aliyekuwa ametamka neno tangu chakula cha mchana.

Mpare ndiye aliyemwita. "Mwanangu, njoo unisaidie kufuta vumbi kwenye hizi mashine, halafu nitakuachia moja uchezee. Hapo kwenye ndoo utaota mizizi."

Akaingia. Wiki ya kwanza alifuta vumbi. Baadaye nikawa nasikia vidole vyake kwenye vitufe, haraka kama mvua ya mawe juu ya bati. Halafu siku moja nikasikia kicheko. Niliinua mguu kwenye pedali nikasikiliza. Kilikuwa chake. Sikuwa nimekisikia tangu kabla ya mama yake kulazwa, nami nikaona chumba kile kina baraka, pamoja na harufu yake.

Jioni ile nilimuuliza anaandika nini.

"Hadithi, mama mkubwa."

"Ya shule?"

"Hapana. Ya watu wengi. Tupo wa Moshi, wa Arusha, wa Nairobi, wengine hata wako Ulaya. Kila mtu anakuwa mtu wake. Mimi ni binti mangi, mtoto wa mtawala. Nikiandika binti mangi ameingia sokoni, mwingine anaandika muuza ndizi amemwona, anamsalimia. Nami namjibu. Hakuna anayejua mbele itakuwaje."

"Kama mlivyokuwa mkicheza kupikapika mgombani."

"Kama hivyo. Ila tunapika kwa maneno."

"Huyo binti mangi ana mama?"

"Anaye."

"Yuko wapi?"

"Jikoni. Anapika machalari."

Nilikata uzi kwa meno nikaukunja ule uzi kidoleni. Baada ya muda nikauliza lile ambalo mtu yeyote wa kwetu angeuliza. Kwetu mgeni hapewi kiti kabla hajasema yeye ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, na kihamba chao, shamba la nyumbani, kiko juu au chini ya mfereji upi. Si ukali. Ni ili ujue ukikosana naye utakwenda kumshtaki kwa nani. Nikauliza, "Na hao wengine ni watoto wa nani?"

Akacheka sana. "Mama mkubwa! Kule hakuna mtoto wa nani. Ndiyo raha yake."

Nikaielewa raha hiyo. Shuleni kwake kulikuwa na msichana wa kutoka kijijini kwetu, na pale msichana huyo alipokaa, wengine walijua kilichomuua mama wa mwenzao bila kuambiwa wazi. Kwenye ule mchezo mama yake alikuwa jikoni, anapika. Ningemtoaje humo?

Msimu ule wa mvua alikuwa mtu mwingine. Alinisimulia mambo ya nchi yao ya maneno mpaka nikawafahamu watu wake. Kulikuwa na mhunzi mwongo, bibi mwenye mbuzi asiyekufa, na mlinzi wa mfereji ambaye ndiye aliyekuwa kaka kwa binti mangi. Huyo mlinzi alikuwa mwandishi hodari. Alisema ana miaka kumi na sita. Alimuuliza binti mambo ya kwetu ili aandike sawasawa: pombe ya mbege inakaa siku ngapi, maji ya mfereji yanagawanywaje, sale ni nini. Binti alimweleza yote kwa fahari. Akaniambia, "Anajua kusikiliza, mama mkubwa."

Sikujua ni lini hasa kicheko kilikoma. Kelele ikikatika huisikii ikikatika. Unashtuka baadaye kwamba kuko kimya. Vidole viliendelea, lakini polepole, na kila baada ya muda viliacha kabisa. Nikimwita aliruka. Alianza kukaa kwenye mashine ya mwisho, iliyogeuziwa ukutani. Usiku aligeuka geuka kitandani, na mimi nikalala macho nikihesabu migeuko yake, nikijiambia ni msiba umefika sasa. Nilisema, heri umefika. Lakini mwili wangu haukukubali. Mchana nilikosea mshono nikafumua, nikakosea tena. Nilishona mguu mmoja wa suruali ukaziba chini kama gunia, na mteja akanipigia mluzi.

Siku hiyo hiyo Mpare alitoka nje akipunga hewa kwa khanga.

"Mchaga, kumbe umeanza kumtafutia mtoto mchumba Ulaya na husemi? Mahari tutagawana, mashine ni yangu."

"Mchumba gani?"

"Si amekuja na picha yake nimskanie! Ile ya pasi ya shule. Nikamwambia ngoja nimuulize mama yako, akasema basi, akairudisha mfukoni. Rangi yote ilimtoka. Nami nikasema hapana, hapa kuna..." Akaniangalia. Akaacha kucheka. "Kwani hukumtuma wewe?"

Nilimuuliza tukiwa njiani. Akasema picha ilitakiwa shuleni. Alisema uongo, nami nilijua, na yeye alijua kwamba najua, na tulitembea hivyo hadi nyumbani, tukipishana na watu wanaorudi kutoka sokoni.

Jumamosi ile tulipanda Rombo kupalilia kaburi. Tulifika mama yetu akiwa anamkatia ng'ombe migomba. Tukamsalimia shikamoo, akaitikia bila kuacha panga. Nilikwenda kaburini peke yangu kwanza. Masale ya kichwani yalikuwa yameshika vizuri, ya miguuni yalikuwa yamelegea. Niliyang'oa nikayapanda upya, na bado nilihisi kuna kitu sijakifanya.

Niliporudi walikuwa jikoni, bibi na mjukuu, na nilisimama nje kunawa udongo. Nikamsikia binti akiuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa:

"Bibi, mtu akikukosea, halafu akakuletea sale, unaweza kukataa?"

Asiyetoka kwetu huenda hajui. Sale ni mmea wa majani marefu membamba, tunaupanda mipakani na makaburini. Mtu aliyekosa, hata awe amekosa vibaya, akichuma jani la sale akalifunga fundo akaja nalo kwa aliyemkosea, ugomvi unaisha. Aliyeletewa sale hakatai. Hilo tunalijua kabla ya kujua kusoma.

Mama yetu hakuwa mtu wa kupunguza mambo. "Kukataa sale? Mae! Yupo jirani yetu wa upande wa chini alilikataa sale la ndugu yake kwa ajili ya mpaka. Mwaka haukuisha. Ng'ombe akazaa ndama mfu, na yeye mwenyewe mdomo ukapinda, mpaka anakufa alikunywa mbege inamwagikia kifuani. Sale halikataliwi, mjukuu wangu. Nani amekukosea?"

"Hakuna, bibi."

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini, na kilivyogonga niliacha kunawa.

Nikamwita nikasema twende tukakate majani ya ng'ombe. Tulishuka mpaka kwenye mfereji. Sikukata jani hata moja. Nikamwambia, "Nani amekuletea sale?"

Alikaa kwenye ukingo akavua viatu, akatia miguu majini, na akanieleza akiwa ameyaangalia maji.

Ni yule mlinzi. Kwanza aliandika mbele ya wote, kama wengine. Kisha akasema wawe na chumba chao cha pembeni, wawili tu, hadithi ya kaka na dada isivurugwe na watu wasiojua kuandika. Humo chumbani alimuuliza habari zake za kweli, kidogo kidogo. Siku moja alisema mama yake naye alikufa. Binti, ambaye hajawahi kumwambia mtu, akamwambia mama yake alikufa kwa nini. Mlinzi akasema hiyo sasa ni siri yao. Baada ya hapo hadithi ikaanza kubadilika. Kaka hakuwa tena kaka. Aliandika mambo ambayo binti hakuyajibu, akauliza maswali ambayo sitayaandika hapa. Binti akisema hapendi, alimwambia, "Si mimi ninayeuliza, ni mlinzi. Mbona unachanganya mchezo na kweli? Wewe ni mtoto kumbe." Akataka picha. Binti akakataa. Ndipo alipomwambia kwamba ile siri anaweza kuiandika mbele ya watu wote wa nchi yao, waone binti mangi ni nani.

"Kwa hiyo ukataka kuskani."

"Ndiyo. Halafu mama yule akasema atakuuliza, nikaogopa. Nikaacha kuingia siku mbili. Nilipoingia nikakuta amenililia. Amesema amekosa. Ameandika: mlinzi amechuma jani la sale, amelifunga fundo, amelileta, amepiga magoti." Akakoroga maji kwa mguu. "Anasema nikilipokea niende stendi Jumamosi ijayo mchana, peke yangu, tupatane kabisa, na hatasema siri. Mimi sitaki kwenda, mama mkubwa. Lakini ameleta sale. Na bibi anasema..."

Nilitaka kumpiga, nilitaka kushuka mjini saa ile nikazivunje zile mashine kwa mwiko wa pombe. Mikono ilikosa pa kwenda, nikaitia kwenye mfereji mpaka ikafa ganzi. Yule mtu alifundishwa sale na mtoto mwenyewe, akalikunja akamfungia nalo. Mtoto wa Dar angecheka akafunga mashine. Wa kwetu aliona ng'ombe, ndama mfu na mdomo uliopinda.

Na sikuweza kumwambia sale ni upuuzi, kwa sababu siamini hivyo. Muda si mrefu nilikuwa nimelipanda juu ya dada yangu... juu ya mdogo wangu, lakini yeye ndiye aliyenitangulia kaburini, na nikiandika haraka namwita dada. Sikuweza kusema uongo pale. Nikauliza:

"Wewe umewahi kuona sale likiletwa?"

"Ndiyo. Yule mjomba alipopigana."

"Lilikujaje?"

"Alilishika mwenyewe."

"Alikuja na nani?"

"Na babu wa ukoo wao. Na mtu mwingine."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Watu wote walikuwepo. Akasema alichokosa, babu akamwambia sema kwa sauti."

"Huyu wako amekuja na nani?"

Akaokota kijiwe, akakitupa majini.

"Amesema kosa lake mbele ya nani? Ni mtoto wa nani? Jani lenyewe liko wapi, nilishike?"

Maji yalipita. Akasema, polepole, "Hakuna jani."

"Hakuna jani," nikasema. "Na mwenye kuomba msamaha haamui mahali. Anakuja ulipo."

Niliona mabega yake yanashuka, lakini si yote. Ule mdomo uliopinda ulikuwa bado upo. Nikamrudisha jikoni, nikamweleza mama yetu kila kitu, mbele ya mtoto, kwa Kichaga, kwa sababu mambo mengine yanasemeka kwa Kichaga tu. Bibi alisikiliza akiwa na kisu mkononi na ndizi mbichi imemenywa nusu.

"Sale la kwenye televisheni?"

"Kompyuta, bibi," mtoto akasema.

"La maandishi?"

"Ndiyo."

"Basi na mimi nitaandika ng'ombe, asubuhi nikayakamue hayo maandishi." Akaimaliza ile ndizi, akaitupa sufuriani kwa nguvu. "Mjukuu wangu, hilo likatae kwa mdomo wa bibi yako. Kama lina laana, ije kwangu. Mimi nimeshazeeka, itanikuta nimekaa."

Mtoto akacheka, na katikati ya kucheka uso ukamkunjamana. Akasema, "Lakini atawaambia mama alikufa na nini."

Bibi aliangalia moto. Yule mtu alikuwa na kamba mbili: ya sale aliisokota mwenyewe, lakini hii ya pili tuliisokota sisi, kwa kusema kifua na kwa kuangalia chini. Kama jambo lingekuwa linatajwa nyumbani, angelipata wapi la kumtishia mtoto? Nilimwona mama yetu anafungua mdomo anaufunga. Hakuweza. Simlaumu, alikuwa mama wa marehemu. Nikaona ni kazi yangu.

Jumatatu niliingia ukumbini. Mpare alikuwa anabishana na mteja juu ya dakika. Mteja alipotoka nikafunga mlango, nikasema, na mtoto amesimama ubavuni kwangu:

"Mdogo wangu alikufa kwa Ukimwi."

Lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Mpare alikaa kwenye kiti chake, kikalia. "Pole," akasema. Akamgeukia mtoto. "Pole, mwanangu. Kaka yangu pia. Sisi tulisema malaria." Halafu akatuangalia mmoja baada ya mwingine. "Haya, niambieni sasa mmekuja na nini, maana kwa hilo pekee msingenifungia mlango."

Tulimwambia. Mtoto akafungua kile chumba cha pembeni, na Mpare akasoma kuanzia juu, akisogea karibu na kioo, midomo ikicheza bila sauti. Mtoto alitaka kufuta. Mpare akamshika mkono. "Usifute neno. Haya ni yake, si yako. Aibu iliyomo humu ni yake yote." Kisha hasira zikampanda. "Nitamshtaki! Nauza hata hizi mashine!"

"Utamshtaki nani, Mpare? Hana jina."

"Hata jina lake nitalishtaki lijitokeze."

Kila nchi ya maneno ya namna ile, kumbe, ina msimamizi wake, anayeweza kumfukuza mtu. Mpare akamwandikia. Jibu lilikuja baada ya siku moja. Alikuwa kijana wa chuo, na mwanzoni alijitetea: mlinzi ni mwandishi mzuri, watu wanampenda, huenda mtoto amechukulia mchezo kuwa kweli. Mpare alimtumia vile vipande vyote. Lililofuata lilikuwa fupi. Alisema wasichana wengine wawili walishamletea malalamiko juu ya mlinzi, naye alidhani ni ugomvi wa hadithi, kwa sababu kila mmoja alilalamika peke yake na kila mmoja alisema kidogo. Niliambiwa lile nikarudi barazani nikakaa bila kushona. Walisema kidogo kwa nini? Na wao walikuwa na siri zao zilizofungwa fundo, na labda nyumbani kwao pia watu waliangalia chini.

Kabla msimamizi hajamfukuza, mtoto aliomba ajibu mwenyewe. Hatukumlazimisha. Hakujibu chumbani, aliandika kwenye uwanja wa wote, sokoni, pale anaposoma kila mtu. Aliniuliza maneno mawili tu, mengine alijua. Aliandika kwamba binti mangi ameambiwa kuna sale linaletwa. Kwetu sale linaletwa kwa mkono, asubuhi, nyumbani, na mwenye kosa anakuja na mzee wa ukoo wake, na anasema kosa lake kwa sauti. Basi alilete. Mama mkubwa na bibi wapo, wanangoja. Akasita. Halafu akaongeza kwamba yeye aliyeandika haya, si binti mangi, mama yake alikufa kwa Ukimwi, na asiyetaka kucheza naye aseme.

Mlinzi aliandika mara moja maneno matamu. Halafu maneno mengine, ambayo mhunzi mwongo na bibi wa mbuzi waliyaona wote. Halafu jina lake likatoka na halikurudi.

Tulikwenda polisi pia, mimi na Mpare. Askari alitusikiliza vizuri, akauliza jina la mtuhumiwa, sura, makazi. Hatukuwa na hata moja. Akaandika alichoweza.

Jumamosi iliyotajwa mtoto alibaki kwa jirani. Mimi nilisema nakaa kazini. Mchana mguu ulikataa pedali. Nikainuka, na Mpare alikuwa ameshafunga ukumbi, amesimama na pochi. Hatukuulizana. Tulikwenda stendi tukasimama penye vivuli vya mabasi ya Rombo na Marangu. Tulimwangalia kila mwanaume aliye peke yake: mwenye gazeti, mwenye suti, mwenye kandambili, aliyetazama saa, ambaye hakuitazama. Alisema ana miaka kumi na sita. Hata hilo tulikuwa hatujui kama ni kweli. Mzee mmoja alipita na mfuko wa plastiki ambao majani marefu ya kijani yalitokeza juu, na Mpare akamwendea wima wima.

"Baba, shikamoo. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Marahaba," mzee akasema, ameduwaa. "Mimi? Nina wajukuu, mama."

Yalikuwa majani ya vitunguu. Tulimwomba radhi. Kurudi Majengo hatukusema utani wowote, na hilo ndilo linalonirudia zaidi: tulikuwa tumewatazama watu wengi, na huenda tulimwona. Mpaka leo nikiwa katikati ya watu macho yangu hayatulii.

Mpare alizigeuza mashine zote zikatazama mlango. Vijana walinung'unika, akawaambia anayetaka kutazama ukuta akanunue wa kwake. Mimi nilihamisha cherehani kutoka barazani nikaiweka ndani, kwenye kona, na harufu ya dawa ikaniingia kwenye vitambaa vyote. Msimamizi naye aliweka sharti kwamba mtoto haandiki na mkubwa kwenye chumba cha pembeni, na akilalamika mmoja, wengine wanaulizwa. Sikuyaona hayo kuwa makubwa wakati ule. Niliona ni kama kupanda masale mpakani: hayamzuii mwizi, lakini anajua ameyavuka.

Binti alikaa mbali na ile nchi kwa muda. Nilidhani amemaliza. Halafu siku moja, mvua ya vuli imeanza kugonga bati, nikasikia vidole tena, vya polepole.

"Unaandika nini?"

"Mama wa binti mangi amekufa," akasema bila kugeuka.

Nilisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Wamekuja wote msibani. Mhunzi amekuja, bibi wa mbuzi amemleta yule mbuzi. Wengine walikuwa hawajaandika mwezi mzima." Akafuta uso kwa sweta. Lilikuwa lile sweta la mama yake, sasa lilikuwa linamwenea. "Wanataka kujua kwetu mtu anazikwaje. Mimi siku ile sikuona vizuri, mama mkubwa. Sale lilipandwa wapi kwanza, kichwani au miguuni?"

Nikavuta kiti nikakaa karibu naye, nikaanza kumwambia.